Kufunga msimu wa resi za ngalawa bila kumsahau mfua maji

Kila mwaka kaskazi ikianza kulegea simu zinaanza, watu wa klabu nyengine wananiuliza eti nyie mnafanyaje ile sherehe yenu ya kufunga msimu mpaka watu wanarudi tena mwakani kufanya kazi ya bure. Sa nimechoka kueleza mmoja mmoja, naandika mara moja hapa kila mtu asome.

Mi ni katibu wa klabu ndogo tu ya ngalawa huku kusini Unguja. Ngalawa tisa, boti moja ya mashine ya kuokolea watu, vijana, wazee, kina mama wa jikoni, na watoto wa skuli ambao hujui nani kawaita ila kila resi wapo. Jengo hatuna, ofisi yetu ni kivuli cha mkungu na daftari. Kwa hiyo haya ni ya klabu kama yetu, nyie wenye ukumbi na wafadhili chukueni linalowafaa, mengine yaacheni.

Nianze na aibu yangu. Msimu wangu wa kwanza wa ukatibu nilifanya sherehe nzuri kweli kwa macho, hema, viti vya kukodi, spika mbili kubwa, makombe ya kung'aa nimeyafata mjini mwenyewe. Tukaita manahodha, tukaita mabaharia, mgeni rasmi akasema yake, picha zikapigwa, watu wakala wakaondoka. Yule mzee wetu anayeendesha boti ya kuokolea, mtu aliyekaa juani msimu mzima na kuokota watu majini sijui mara ngapi, tulimsahau. Hata jina hatukulitaja. Alikuwepo, kakaa nyuma kabisa karibu na sufuria, anapiga makofi. Msimu mpya ukafunguliwa, ngalawa zote zimeshatweka, boti haipo. Nikatuma mtoto, akarudi na jawabu kwamba injini mbovu. Bila boti ya kuokolea sisi hatuanzishi resi, kwa hiyo watu wakatua matanga wakarudi majumbani na hasira zao. Jioni nikamfata barazani kwake, nikamuuliza mzee injini ina nini, nimletee fundi? Akanambia, "Injini nzima mwanangu. Mbovu mimi."

Nilirudi tena mara tatu mpaka akakubali kurudi. Ndo maana kwenye maelezo yangu wanaojitolea wanakuja kabla ya washindi, mshindi keshapata raha yake siku aliyoshinda, huyu mwengine hana siku isipokuwa hii.

DAFTARI KWANZA

Kazi ya sherehe inaanza resi ya kwanza ya msimu, sio wiki ya mwisho. Mtu akikwambia atakumbuka, muongo. Hata we mwenyewe hutokumbuka, msimu mzima wa kaskazi toka Disemba mpaka Machi una resi sita saba, na kila resi ina watu kumi na tano ishirini wasiopanda chombo: wa kuvuta ngalawa mpaka majini, wa kushika saa, wa bendera, wa kukaa kwenye maboya, wa boti, wa maji ya kunywa, wa chakula, wa kulinda nguo na simu za mabaharia, fundi anayesimama na tezo yake na misumari mtu akivunja ndubi (ule ubao wa pembeni unaozuia ngalawa isipinduke) dakika ya mwisho. Weka daftari mbili. Moja ya matokeo, moja ya watu. Ile ya watu mpe mtu mwengine asiyekuwa katibu, maana katibu siku ya resi anagombana na manahodha hana muda.

Na kinachoandikwa sio "alisaidia". Hilo neno lipigeni marufuku. Andika alichofanya. Nakutolea mfano kutoka daftari letu, jina naliacha: "Alikaa na mtumbwi kwenye boya la pili toka saa tatu mpaka saa saba. Boya liling'oka mara mbili akalirudisha. Hakuondoka kula." Mistari mitatu tu hiyo, lakini siku ya sherehe ikisomwa vilevile ilivyo uwanja mzima unanyamaza, na yule kijana mwenyewe anainamisha kichwa kama kafanya kosa, maana hakujua kama kuna mtu alikuwa anamuangalia kule mbali.

Waandikeni na wanaoazimisha vitu. Yule bi aliyetoa sufuria yake kubwa kila resi, yule wa duka anayewauzia maji kwa bei ya jumla, mwenye genge aliyeruhusu muweke matanga ndani kwake yasilowe. Na watoto. Mtoto wa miaka kumi aliyebeba kamba msimu mzima ukisema jina lake lote mbele ya watu, na la baba yake, basi huyo umempata mpaka awe mzee.

Wiki mbili kabla ya sherehe kusanya watu watatu, mmoja mama, mmoja kijana, mmoja mzee, kila mmoja asome orodha peke yake. Swali la kuwauliza ni moja, nani hayumo? Ukiwauliza orodha iko sawa watakwambia iko sawa, ndo adabu yetu. Ukiwauliza nani hayumo wanaanza kufikiri. Mwaka jana yule mama alirudisha karatasi na majina manne, yote ya wanawake, na yote kweli tulikuwa tumeyaruka.

TAREHE

Hapa watu wanafanya mchezo wakati ndo pagumu kuliko pote.

Msimu wetu unakufa wenyewe kaskazi ikiisha, mwezi wa tatu hivi, inaingia tanga mbili, upepo leo huku kesho kule, alafu masika inakuja na mvua zake mpaka mwezi wa tano, na kusi inaanza kupiga. Kwa hiyo kwa akili ya kawaida unasema sherehe iwe mwisho wa Machi. Sawa, lakini Ramadhani nayo inatembea, kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Mwaka 2026 imeangukia wiki ya tatu ya Februari mpaka Machi, yani palepale panapofungwa msimu. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza wiki ya pili ya Februari, 2028 mwisho wa Januari, na ukifika 2030 tutafunga mara mbili ndani ya mwaka mmoja, mapema Januari na tena mwisho wa Disemba, hapo sijui katibu atakayekuwepo atafanyaje, Mungu amsaidie.

Sisi tumejaribu njia zote mbili. Kufanya baada ya Idi kuna raha yake lakini mvua zimeanza, harusi zimejaa kila Jumamosi, na watu wameshamaliza pesa. Kufanya Shaaban, wiki moja kabla ya kufunga, ndo tumeona inafaa zaidi. Resi ya mwisho asubuhi, zawadi jioni ileile au kesho yake. Msimu unakuwa mfupi kidogo kuliko upepo wenyewe lakini watu wako wote wapo na roho zao nyepesi.

Ukishapata wiki, angalia maji. Huku kwetu siku za bamvua, yani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanajaa saa kumi kumi alasiri na kati ya kupwa na kujaa inafika karibu mita 4, ufukwe wote unaondoka. Tulifanya sherehe mwezi mpevu, mtu mmoja (mi huyo) hakuangalia, tumepanga viti mchangani vizuri mstari kwa mstari saa nane, saa kumi kasoro mgeni rasmi anahutubia viti vya mbele vinaelea. Watu wanainua miguu taratibu, hakuna anayetaka kumkatiza mheshimiwa. Kwa hiyo mkitaka kukaa ufukweni jioni tafuta siku za maji mafu, yani kujaa na kupwa kunapokuwa kudogo, au kaeni juu chini ya minazi. Na tazameni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku tatu kabla, mkiona tahadhari ya upepo mkali msilazimishe resi ya mwisho kwa sababu pilau limeshanunuliwa.

Saa: anzeni baada ya swala ya alasiri, mmalize kabla ya magharibi. Hiyo ni saa mbili na kitu hivi na inatosha kabisa. Sherehe ikivuka magharibi watu wanaenda kusali nusu hawarudi, na wanaobaki ni wale wanaosubiri chakula.

KUHESABU POINTI ZISIZOLETA UGOMVI

Zamani sisi tulikuwa tunampa kombe aliyeshinda resi nyingi, basi. Ikawa ngalawa moja inashinda tatu za mwanzo alafu haionekani tena. Tukahamia kwenye mfumo unaotumika kwenye kanuni za World Sailing, chama cha dunia cha resi za matanga, sio mgumu kama watu wanavyodhani: wa kwanza anapata pointi 1, wa pili 2, wa tatu 3, na kuendelea, mwenye pointi CHACHE ndo bingwa. Asiyemaliza au asiyetokea au aliyefutiwa anapata idadi ya ngalawa zilizojiandikisha kwa msimu ukiongeza moja, sisi tuko tisa kwa hiyo ni 10. Na kila mmoja anatupa resi yake moja mbaya kuliko zote. Hiyo ya kutupa isomesheni vizuri maana wazee wengine wanadhani ni wizi. Faida yake ni kwamba mtu akivunjika mlingoti siku moja, au akiwa na msiba, msimu wake haujafa.

Mfano wa kweli uliotokea kwetu, ngalawa ya kijani na ile tunayoiita Viraka kwa ajili ya tanga lake. Resi sita. Kijani: 1, 1, 4, 2, 10, 3. Ile kumi ni siku henza, kamba ya kupandishia tanga, ilipokatika katikati ya bahari wakavutwa na boti. Viraka: 2, 3, 1, 3, 2, 4. Kijani anatupa kumi anabaki na 11. Viraka anatupa nne anabaki na 11. Wamelingana! Nakwambia usiku ule simu yangu haikulala. Lakini kanuni inasema wakilingana unapanga matokeo ya kila mmoja kutoka zuri kwenda baya bila lile lililotupwa, alafu unatazama yanapoachana mwanzo. Kijani ana 1, 1, 2, 3, 4. Viraka ana 1, 2, 2, 3, 3. Namba ya kwanza sawa, ya pili Kijani ana moja Viraka ana mbili, Kijani kashinda. Wangelingana mpaka mwisho ingetazamwa resi ya mwisho nani alikuwa mbele.

La muhimu, kanuni hiyo tulikuwa tumeibandika kwenye mkungu toka Disemba. Ungeitoa mfukoni siku ile hata kama ni ya haki hakuna ambaye angekuamini. Na matokeo yote yabandikeni siku tatu kabla ya sherehe, mwenye malalamiko aje nayo huko huko, siku ya zawadi hakuna rufaa.

ZAWADI

Makombe ya plastiki yenye rangi ya dhahabu mi siyapendi, naomba mnisamehe wauzaji. Chumvi ya bahari inayala mwaka mmoja yamekuwa kama sufuria lililoungua. Tunalo kombe moja tu la kuzunguka, bingwa anakaa nalo mwaka anarudisha. Vilivyobaki tunatoa vitu vya kazi. Bingwa anapata kitambaa cha tanga kinachotosha tanga zima, wa pili kamba ya demani (ya kushikia tanga) na ya nanga, wa tatu laifujaketi mbili. Wazee wakikiona kitambaa wanasema "marekani hiyo", jina limebaki toka karne ya 19 meli za Marekani zilipokuwa zinaleta majora ya pamba Unguja, ingawa siku hizi kinatoka kwengine kabisa.

Zawadi ya pekee tunayoipigania kuliko hata ubingwa ni ya mfua maji bora. Wasiojua: kwenye ngalawa kuna mtu kazi yake kubwa ni kukaa chini anafua maji yasijae, hamuoni, hapigwi picha, tanga linamziba, na akichoka dakika tano nyote mnaogelea. Zawadi yake ni dumu la lita tano lililokatwa shavu moja kama lile lile analofulia, tumelipaka rangi ya dhahabu, na majina ya waliowahi kulipata yameandikwa ubavuni kwa rangi nyeusi na mtoto mmoja mwenye mwandiko mzuri. Halina thamani ya shilingi elfu. Aliyelipata msimu juzi kalitundika sebuleni juu ya tivii, na mkewe ananambia haruhusu mtu kuligusa.

Ndo nachomaanisha, zawadi iseme kazi ya mtu. Kijana wa boya alipata kofia pana ya jua na galoni la maji la kuhifadhia baridi. Mshika saa alipata, ndio, saa, maana alikuwa anatumia simu ya mtoto wake. Mzee wa boti tulimchangia sevisi nzima ya injini, fundi kaja kaifungua mbele ya watu wote pale pale sherehe ikiendelea, plagi mpya, oili mpya. Mzee alisimama pembeni ya fundi hakukaa mpaka imefungwa.

Bahasha ya pesa? Watu wanauliza sana. Mi nasema hapana kwa wote mbele ya watu, ndiyo kwa siri kwa mwenye shida unayoijua. Ukitoa bahasha hadharani kesho watu wanalinganisha, na yule aliyekuja kwa mapenzi anaanza kuhesabu saa zake na kuona kapunjwa.

Sasa kanga. Kina mama wetu tunawapa doti ya kanga kila mmoja na hapa nisikilizeni kwa makini maana niliungua. Nilienda dukani peke yangu, nikaona kanga nzuri ya rangi ya bahari imeandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO, nikasema hee, nyota, safari, hii ndo yetu watu wa bahari, nikachukua doti nane. Nikampa wa kwanza bi mkubwa wetu wa jikoni, na pale jikoni kuna bibi mwengine walikuwa na lao la zamani ambalo mi silijui. Akaisoma. Akaikunja. Akanirejeshea mkononi mbele ya watu. Yani nilijihisi nimekuwa mdogo kama dagaa. Kanga hainunuliwi na mwanamme peke yake, period. Watume kina mama wawili wachague jina wenyewe, na majina yote yawe sawa ili asiwepo wa kusema hili limelengwa kwake. Siku hizi wanachagua "Wema hauozi" au dua, hakuna vita.

Vyeti ni rahisi na watu wanavipenda kuliko unavyodhani, kijana anaenda navyo kuombea kazi hotelini au kwenye boti za watalii. Ila andika majina matatu na muulize mwenyewe anavyoyaandika, Khamis na Hamisi ni watu wawili tofauti. Kazi aliyofanya iandikwe humo humo, "mwangalizi wa usalama majini, resi sita". Alafu vipigwe laminesheni, hewa ya bahari inakula karatasi.

SIKU YENYEWE

Dua kwanza, na kama kuna aliyetangulia mbele ya haki msimu huo atajwe hapo, sio katikati ya vicheko. Alafu moja kwa moja watu wa kujitolea. Washindi mwisho. Ukiwaweka washindi mwanzo, mashabiki wao wakishapiga kelele wanaondoka, na mshika saa wako anaitwa mbele ya viti vitupu.

Mgeni rasmi, awe sheha au mheshimiwa yeyote, kwenye barua mwandikie saa iliyo nusu saa kabla ya ile mnayoitaka kweli, mnanielewa. Na mbinu yangu bora kuliko zote ni hii, mgeni rasmi mpeni kazi ya kukabidhi zawadi za wanaojitolea, sio za bingwa. Kombe la bingwa anakabidhi bingwa wa mwaka uliopita, wanapeana mikono wanataniana wenyewe, inapendeza zaidi. Alafu mkabidhi mgeni nusu ukurasa ulioandikwa majina na yale maneno ya daftari. Wageni wengi hawana hotuba, wanashukuru sana ukiwapa cha kusema, na ukiwanyima watazungumzia uchumi wa buluu kwa dakika arobaini.

Muulize kila mama mapema kama anataka kuitwa mbele na kama anataka picha. Wengine hawataki, wengine wanataka wapokee kwa mwanamke mwenzao. Sio jambo la kugunduliwa kwenye maiki.

Emsii awe mtu anayewajua watu, hata kama Kiswahili chake cha maiki sio cha redioni. Tuliwahi kukodi mmoja wa mjini, mzuri, sauti tamu, kasema jina la nahodha wetu mkubwa visivyo mara tatu na kamuita mzee wa boti "dereva". Tukachukua mwalimu wetu wa skuli toka hapo. Mwambie utani ruhusa kwa walioshinda, waliopoteza waachwe, mtu aliyepinduka mbele ya shemeji zake hahitaji kukumbushwa.

Chakula ndo kosa ambalo tulilifanya miaka minne bila kuliona. Tunawashukuru kina mama wa jikoni, huku wao wapo jikoni wanapika pilau la sherehe ya kuwashukuru! Tunaita jina, mtu anatoka mbio na mwiko mkononi, anapokea, anarudi kwenye moshi. Siku mama mmoja alipouliza kwa sauti "na mi nitakaa lini?" ndo tukazinduka. Sasa siku ile manahodha wanapika. Mara ya kwanza mchele uliungua chini na nyama haikuiva, tukala ukoko wote, na kina mama wamekaa viti vya mbele wamevaa wamependeza wanacheka mpaka machozi. Mara ya pili walijifunza. Wakishindwa kabisa nunueni mandazi na soda, ila kina mama wasipike.

Kama askari wa KMKM (kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo) walikuja na boti yao siku bahari ilipochafuka, wapelekeeni barua ya shukrani kambini kwao mkuu wao aione, inawasaidia kuliko soda.

PESA

Fupi tu. Michango yote iandikwe jina na kiasi, isomwe mbele ya watu siku ile ile pamoja na matumizi, hata kama imebaki elfu mbili mia tano. Ahadi sio pesa, usinunue kitu kwa ahadi ya mheshimiwa, mi nina ahadi ya injini toka msimu wangu wa pili. Zawadi za wanaojitolea zinunuliwe mwanzo, pesa zikipungua kata hema, kata spika, kata kombe.

BAADA YA HAPO

Kesho yake asubuhi, watu wakiwa bado wana furaha, ndo wakati wa kuvuta ngalawa juu kabla kusi haijaja, kuvua matanga, kuyaosha maji baridi na kuyaanika, kuangalia kamba zipi zimelika. Ukisubiri wiki hutompata mtu. Picha zitumwe kwenye grupu siku ile ile, na ambaye hana simu ya picha mchapishieni moja, haswa wazee.

Waliougua au waliosafiri zawadi zao zipelekwe nyumbani na watu wawili, sio mtoto na mfuko wa rambo. Kaeni dakika kumi, mnywe chai mkipewa.

Na orodha ya wanaojitolea msimu ujao msiiandike siku ya sherehe, mtu mwenye zawadi mkononi hawezi kukataa, na ndio ya hivyo haidumu. Mfateni baada ya wiki mbili, barazani kwake, muulizeni kama bado anapenda na kama kuna kazi nyengine anaitaka. Mzee wa boti mwaka huu alisema anataka mtu wa kumfundisha, macho yake yameanza. Tumempa yule kijana wa boya.

Alafu viti vya kukodi vihesabuni kabla gari la mwenye viti halijafika. Sisi kila mwaka kinapungua kimoja, na kila mwaka kinakutwa uani kwa mshika saa.